Kocha anasema poda, mume anasema chakula: nimsikilize nani?

Mshauri mpendwa, pole na kazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina kilo 68, nimeolewa. Tangu mwaka jana nakwenda jimu siku nne kwa wiki kunyanyua vyuma, na mwili ulianza kubadilika vizuri. Miezi mitatu iliyopita kocha wangu aliniambia kwamba chakula cha nyumbani peke yake hakiwezi kujenga misuli, akaniuzia kopo la poda ya protini. Kwa maelezo yake, poda inaingia mwilini upesi kuliko nyama au maharage, na nisipoinywa ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, jasho langu limekwenda bure.

Naandika ninavyokula, maana najua utaniuliza. Kabla ya poda, asubuhi nilikula mayai mawili, vipande viwili vya mkate na chai yenye nusu kikombe cha maziwa. Mchana wali kikombe kimoja na maharage kikombe kimoja. Jioni kabla ya jimu, konzi moja ya karanga. Usiku kipande cha kuku au samaki cha kama gramu 100, na mboga za majani na wanga kidogo. Siku hizi asubuhi nakunywa kipimo kimoja cha poda kwa maji, basi. Mchana wali na mboga. Maharage nimeyaacha kwa sababu tumbo linajaa gesi. Karanga nimeacha kwa kuwa poda ipo. Nikitoka jimu nakunywa kipimo cha pili. Chakula cha usiku hakijabadilika.

Kopo linasema kipimo ni gramu 40, na ndani yake protini ni gramu 24, wanga gramu 10 (sukari 7) na mafuta gramu 3. Viambato vimepangwa hivi: wei, sukari, kakao, glisini, gamu, kiongeza utamu.

Tatizo ni kwamba tumbo haliishi kuunguruma, choo napata kila baada ya siku mbili au tatu tena kigumu, na ikifika saa nne asubuhi njaa inaniuma mpaka mikono inatetemeka. Chuma ninachoinua kutoka sakafuni kimegoma kwenye kilo 60 kwa wiki saba. Kocha anasema niongeze kipimo cha tatu.

Nyumbani nako hakuna amani. Baba yangu mzazi figo zimefeli, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mume wangu ndiye anayempeleka. Ananiambia, "Unakunywa kemikali, mwisho nitawapeleka wawili." Wiki iliyopita alilificha kopo, tukanuniana siku mbili. Halafu nimegundua mdogo wangu wa miaka 16, tunayeishi naye, anachota poda hiyo kwa siri.

Niache nirudi kwenye chakula, au niendelee? Sitaki kumvunjia mume wangu heshima, na sitaki miezi yote ya jimu ipotee.

Niliyekwama katikati

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole kwa hayo, na asante kwa kuorodhesha kila kitu mpaka vipimo. Umeuliza poda au chakula, lakini ndani ya barua naona maswali matatu yamefungwa kitita kimoja: kama misuli yako inapata protini ya kutosha, kama figo zako ziko salama, na kama mtu anayekupenda anaweza kuogopa bila kukuamulia. La kwanza linajibika kwa hesabu, kwa hiyo nianze nalo. Namba zote za chakula ni za kukadiria.

Kabla ya poda, mayai mawili yalikupa gramu 12 za protini, mkate 6, maziwa ya chai 4. Asubuhi hiyo ni gramu 22. Mchana, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15 na wali 4, jumla 19. Karanga 7. Usiku, kuku au samaki aliyepikwa wa gramu 100 huwa na 22 hadi 30, nikichukua 25 na kuongeza 5 za wanga na mboga, napata 30. Siku nzima ilikuwa gramu 78.

Sasa hesabu ya leo. Poda ya asubuhi 24, wali na mboga 7, poda ya jioni 24, usiku 30. Jumla ni gramu 85.

Tazama tofauti: gramu 7. Vipimo viwili vya poda vina gramu 48 za protini, lakini siku yako imeongezeka gramu 7 tu, kwa sababu kila kipimo kilipoingia, chakula kilitoka. Kama ungebaki na mlo wako wa zamani na kunywa kipimo kimoja tu, ungefika 102. Ndiyo maana kabla ya kukusaidia kuchagua upande, nakuomba uangalie poda imekaa mahali pa nini.

Unahitaji kiasi gani hasa? Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito hushauriwa kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni 54. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha majaribio 49 na washiriki 1,863, ulionyesha kwamba protini ikipita takriban gramu 1.6 kwa kilo kwa siku, kuongeza nyingine hakukuleta tena misuli ya ziada inayoonekana. Nikikuwekea kati ya 1.4 na 1.6, unapata gramu 95 hadi 109 kwa siku. Kwa hiyo kocha hakukosea kuona kwamba ulikuwa chini kidogo. Ila pengo lako la zamani, gramu 17 hadi 31, linazibika kwa kipimo kimoja cha poda au kwa nyongeza ndogo kwenye sahani.

Hapa niulize kwa upole: je, chuma kimegoma kwa kukosa protini, au kwa kukosa chakula? Ile asubuhi ya mayai na mkate ilikuwa na kilokalori kama 400. Kipimo chako cha poda kina kama 160. Kikombe cha maharage kina kama 225, na konzi ya karanga za gramu 30 kama 170. Umepunguza nguvu nyingi mwilini bila kukusudia. Mwili ukikosa nishati huchoma hata protini uliyokusudia ijenge misuli. Njaa ya saa nne na mikono kutetemeka naiona humo pia, maana kinywaji hupita tumboni upesi kuliko mlo wa kutafuna, tena chako kina sukari na hakina nyuzinyuzi. Kipimo cha tatu kingeziba pengo la protini, lakini mapengo mengine yangebaki wazi, na pengine ungeona tena huna haja ya chakula cha usiku.

Na tumbo? Umeyalaumu maharage, lakini umeyala kwa miaka. Jiulize gesi ilianza lini. Wei ni yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Huchujwa, kisha hukaushwa kuwa unga. Ile isiyosafishwa sana hubaki na laktosi, sukari ya maziwa, na mtu ambaye tumbo lake haliivunji vizuri hupata gesi na kuharisha. Lakini ulikuwa ukinywa chai ya maziwa bila shida, kwa hiyo laktosi siyo mshukiwa pekee. Gamu ya kuongeza uzito wa kinywaji na viongeza utamu huwasumbua baadhi ya watu. Ukitikisa chupa kwa nguvu na kunywa povu lote kwa pupa, unameza hewa. Choo kigumu nacho kina maelezo ya karibu: kikombe cha maharage kilikuwa kinakupa gramu 11 hadi 15 za nyuzinyuzi kutegemea aina, na mtu mzima anashauriwa angalau 25 kwa siku. Uliondoa karibu nusu ya mahitaji yako kwa mkono mmoja.

Kama utataka kujua ukweli wa tumbo lako, rudi kwanza kwenye mlo wa zamani, kisha ijaribu poda peke yake. Wiki mbili weka poda kando, urudishe asubuhi yako ya zamani na maharage nusu kikombe. Baada ya siku nne au tano panda hadi kikombe kizima. Yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa, kwa sababu sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka na maji ya kulowekea. Maharage mekundu yachemke kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakipikwa kwa moto hafifu tu hubaki na sumu inayotapisha na kuharisha. Kunywa maji ya kutosha. Baada ya hapo, ukitaka, rudisha nusu kipimo cha poda, ukoroge kwa kijiko badala ya kutikisa, uone. Ukivirudisha vyote siku moja hutajua kinachokusumbua.

Kuhusu nusu saa baada ya mazoezi, hiyo imewatia watu wengi wasiwasi wa bure. Misuli iliyofanyishwa kazi hubaki tayari kupokea protini kwa saa 24 na zaidi. Linalobeba uzito ni jumla ya siku, na kuigawa vizuri: kwako, gramu 24 hadi 27 kila mlo kwa milo minne, au 32 hadi 36 kwa milo mitatu. Mlo wako dhaifu leo ni wa mchana, wenye gramu 7. Na wepesi wa kuingia mwilini siyo sifa peke yake. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio kwa vijana wa kiume waliokula gramu 18 za protini baada ya kunyanyua vyuma, ama ya mayai mazima au ya ute mweupe peke yake. Protini ilikuwa sawa, lakini mayai mazima yalichochea zaidi ujenzi wa misuli. Kiini cha yai kina vitu ambavyo hesabu ya protini haivioni.

Sasa nilitetee kopo kidogo, maana nalo lina haki yake. Mumeo anaposema kemikali, sidhani anazungumzia protini yenyewe, kwa sababu wei ni chakula, imetoka kwenye maziwa. Ina leusini nyingi, ile asidi amino (asidi amino ni matofali madogo yanayojenga protini) inayowasha ujenzi wa misuli, haihitaji jiko, na asubuhi ya haraka inaweza kukuokoa. Cha kuangalia ni kinachoandamana nayo. Kipimo chako cha gramu 40 kina protini 24, yaani asilimia 60. Wei ya kawaida isiyoongezwa kitu hufika kama asilimia 80, na iliyosafishwa zaidi kama 90. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokipima ni sukari, kakao na vinginevyo.

Nimesimama pia kwenye neno glisini. Protini hupimwa sana kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl mwaka 1883: maabara hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Njia hiyo haitofautishi nitrojeni ya protini kamili na ya kitu kingine. Gramu 1 ya glisini, ambayo ni asidi amino ya bei nafuu, husomeka kama gramu 1.17 ya protini. Mwanya wa aina hii ndio uliotumiwa kwenye kashfa ya maziwa yenye melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, nchini China mwaka 2008, watoto wakaumia figo. Simaanishi kopo lako ni la udanganyifu. Glisini yenyewe haina madhara hayo. Namaanisha kwamba ikiwa imehesabiwa ndani ya zile 24, protini inayokujenga ni pungufu ya ilivyoandikwa. Ukiamua kubaki na poda, tafuta yenye orodha fupi, isiyotaja glisini wala taurini, nyingine ya aina hiyo, na yenye alama ya wapimaji wa kujitegemea kama Informed Sport au NSF Certified for Sport, ambao hupima bidhaa kama ina vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Poda za mimea na zenye kakao zimekutwa mara kadhaa na madini yenye sumu ya risasi na kadimiamu kwa wingi kuliko nyingine, kwa kuwa mimea huvuta madini hayo ardhini. Pima kwa mizani siku ya kwanza, maana kijiko cha koponi kikishindiliwa hubeba zaidi ya kilichoandikwa.

Kwa hiyo njia ziko kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kwenda na chakula peke yake: yai la tatu asubuhi (6), maharage kikombe kimoja na nusu badala ya kimoja (7 zaidi), kipande cha usiku kiongezeke kutoka gramu 100 hadi 130 (7 au 8), na mtindi gramu 200 kabla ya kulala (7). Hapo unatoka 78 na kufika 105. Maharage na wali vinasaidiana, kimoja kina asidi amino ambayo kingine kimepungukiwa, na utapata nyuzinyuzi, na madini ya chuma kama miligramu 4 kwa kila kikombe cha maharage, jambo ambalo mwanamke wa umri wako anapaswa kulijali. Hatari yake ni uchovu wa kupika: siku mbili jiko likilala, hesabu inavunjika. Pika maharage ya siku tatu mara moja, chemsha mayai sita pamoja.

Au unarudisha mlo wako wote wa zamani, na poda inakaa pembeni kama kipimo kimoja siku za jimu tu, au nusu kipimo kwenye uji. Uji upoe kidogo kwanza, kwa sababu wei ikikutana na moto mkali hugandamana mabonge. Hatari hapa unaifahamu kwa kuwa umeshaiishi: kinywaji ni chepesi, na taratibu kinakula nafasi ya mlo. Kuendelea kama ulivyo sasa nako ni chaguo, ingawa mwili wako umeshakwambia unavyoliona.

Sasa figo, na hapa nazungumza taratibu. Kwa mtu mwenye figo nzima, protini ya kiwango tulichotaja haijaonyeshwa kuziharibu. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa figo mambo ni tofauti. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2024 hupendekeza abaki karibu na gramu 0.8 kwa kilo. Ugonjwa huo hukaa miaka bila dalili, na wewe una mzazi mwenye nao. Kwa hiyo hofu ya mumeo ina msingi, ila nadhani imeelekea kopo peke yake. Figo zikiwa dhaifu, gramu 109 za protini ya kuku, mayai na maharage zitazielemea nazo. Muulize baba au daktari wake kilichoanza: kisukari, presha, au ugonjwa wa kurithi kama wa uvimbe maji kwenye figo? Jibu hilo linabadilisha uzito wa hatari yako.

Kisha kapime. Omba kipimo cha kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja) pamoja na makadirio ya uchujaji wa figo, uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini kwenye mkojo, na presha. Pumzika vyuma siku mbili kabla, na usile nyama nyingi usiku wa kuamkia kipimo, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuchafua majibu. Mwambie daktari unanyanyua vyuma, na kama kuna kopo lingine la kreatini, kirutubisho cha wanyanyua vyuma, umepewa, litaje. Ikitoka kasoro, hurudiwa, maana ugonjwa sugu huhesabiwa pale kasoro inapodumu zaidi ya miezi mitatu.

Ningependa mumeo aende nawe siku hiyo. Mtu anayekaa na baba yako pembeni ya mashine mara tatu kwa wiki ameona mengi, na pengine kuficha kopo ndiyo lugha aliyoipata. Unaweza kumwambia hivyo, na pia kwamba kufichiwa kitu chako kumekuumiza. Kocha naye, mwonyeshe hesabu ya 78 na 85. Anaweza kuwa anakutakia mema, ila anayekushauri ndiye anayekuuzia, na hilo ni vema ulikumbuke anapotaja kipimo cha tatu.

Mdogo wako asisubiri. Mtoto wa miaka 16 anakua, na mlo wa kawaida wenye mayai, maziwa, maharage na nyama kwa kawaida humtosha hata akicheza michezo. Ninachokihofia kwake ni kuruka milo kama ulivyofanya wewe, na kuhama kesho kwenda makopo mengine ya kuongeza mwili yasiyojulikana yana nini. Muulize anatafuta nini kwenye poda, umsikilize mpaka mwisho, kisha mhesabu naye sahani yake kama tulivyohesabu yako.

Majibu ya figo yakitoka, niandikie tena pamoja na ulichokula kwa siku tatu, moja iwe ya jimu. Zile gramu 95 hadi 109 nimeziweka nikichukulia figo ziko sawa. Zikiwa na shida, tutaanza hesabu upya pamoja na daktari wako.